Mjomba kauza korosho nikafanye mtihani, vabo inanikataa

Shikamoo mama. Naomba jina langu usiliweke kabisa maana huku kwetu habari hazikai, na mjomba wangu ana watu wa kumsomea.

Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Newala ila sa hivi naishi Mtwara mjini, nimepanga chumba Magomeni. Nilimaliza digrii ya kilimo miaka mitatu iliyopita, ajira nimeomba mpaka nimechoka, kwa hiyo najishikiza shule moja ya binafsi nafundisha baolojia, wananipa hela ambayo ukitoa kodi inabaki ya dagaa. Mwaka jana rafiki yangu niliyesoma naye alipata chuo Marekani, anasoma masters, wanamlipia ada na posho juu kwa sababu anamsaidia profesa utafiti. Akaniambia na wewe omba mbona matokeo yako yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nikachagua vyuo vinne. Ila akasema kuna mtihani wa kuombea masters huko unaitwa GRE, ujiandae nao mapema usije ukashtuka.

Huo mtihani una insha, una hesabu, na una ile ya lugha na mantiki ambayo kwenye grupu letu la Telegram tunaiita vabo. Hesabu siogopi. Insha nitajikongoja. Shida yangu ni vabo.

Sasa hela. Ada ni dola 220, kwa shilingi ni karibu laki sita, mi ningeitoa wapi. Kwetu Wamakonde we mwenyewe unajua mambo ya mjomba, baba yupo na namheshimu ila kwenye jambo kubwa la mtoto wa dada yake mjomba ndo anaitwa. Nilimpigia nikamweleza, akauliza maswali mawili tu, huo mtihani ni wa halali? na ukifaulu unaondoka lini? Malipo ya korosho yalipoingia benki akanitumia laki saba, akasema laki sita ya mtihani na laki moja ya mafuta ya taa usiku unaposoma. Nilicheka nikalia. Mafuta ya taa mama! Hajui kama nasoma kwenye simu.

Kwenye grupu kuna faili la maswali ya vabo kama elfu mbili na majibu yake yapo mwishoni. Nimelifanya miezi minne. Kila siku nikitoka shule napika, nakula, saa tatu usiku naanza, maswali 40, silali bila 40. Nimelimaliza nikalirudia, sasa hivi nipo raundi ya tatu na nilikuwa napata asilimia 85 mpaka 90. Mjomba akipiga Jumapili namwambia niko 85, yeye akaenda kuwaambia mpaka watu wa chama cha msingi kwamba mtoto wetu yuko 85 kwenye mtihani wa Wamarekani.

Halafu yule rafiki yangu akaniambia kuna majaribio mawili ya bure yanatolewa na wenye mtihani wenyewe, Powerprep, fanya moja ujipime. Nikaazima laptop ya mwalimu mwenzangu, Jumamosi nikakaa nikafanya. Vabo nikapata 144. Nikaenda kuangalia watu wa vyuo nilivyochagua wanapataga ngapi, wengi wako kwenye 155 huko. Nilifunga laptop nikairudisha kwa mwenyewe siku hiyo hiyo kama vile imenitukana.

Tangu siku hiyo, wiki ya pili hii, sijafungua lile faili. Nikilifungua naona maneno yale yale nimeyazoea lakini nahisi kama ni uongo. Mi Kimakonde nimezaliwa nacho, Kiswahili nimekulia, Kiingereza nimekutana nacho darasani, sasa nashindana na watu waliokinyonya. Najiuliza labda akili yangu ndo imefika hapo.

Mtihani umebaki wiki sita na ada nimeshalipa, nimechagua wa kufanyia nyumbani ili nisilipe nauli ya Dar. Hapo hapo nimepata kazi ya msimu, ukarani kwenye ghala la korosho kuanzia mwezi wa kumi minada ikifunguliwa, mshahara mara tatu ya ninachopata shuleni, ila unaingia alfajiri unatoka usiku, kusoma hakuna. Na kuna kaka mmoja kwenye grupu ananifuata inbox anasema ana maswali halisi ya mwezi huu, laki mbili na nusu, watu wake wote wanatoka na 160 kwenda juu. Sijamjibu ila sijamblok pia, nakuambia ukweli.

Jumapili iliyopita mjomba alipiga, nikamwambia niko salama, akasema "Haya mwanangu, sisi huku tunahesabu siku tu." Mama nilishindwa kula. Anahesabu siku, hela yake nimeichoma. Nimwambie ukweli sasa hivi kwamba nimefeli kabla ya kufanya? Nichukue kazi ya ghala nimrudishie hela yake? Niahirishe? Nimsikilize yule kaka? Nisaidie maana usiku silali na mchana nafundisha watoto naongea peke yangu.

Binti wa Newala

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilikomea kwenye mafuta ya taa nikacheka mpaka mwenzangu hapa akauliza kuna nini. Ya pili sikucheka.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia nione kama nimekuelewa. Umefanya mazoezi miezi minne bila kukosa usiku hata mmoja, namba ikapanda, ukamwambia mtu unayemheshimu kuliko wote. Halafu ukapima kwa mizani nyingine namba ikaja tofauti, na kuanzia hapo ukafunga pamoja vitu vitatu ambavyo mi naviona kila kimoja na kamba yake: kwamba mtihani umeshakushinda, kwamba mjomba umemdanganya, na kwamba akili yako imefika mwisho. Ndo maana hulali, mzigo wa watu watatu umebeba peke yako kichwani.

Tuanze na hizo namba maana ndo zimeleta yote. Ile 85 ilikuwa inapima nini? Ulikuwa raundi ya tatu ya faili lile lile, majibu yako mwishoni, na kwenye barua yako ndefu yote hakuna mahali umetaja saa. Mtu akipita njia ya kutoka Mahuta kwenda Newala mara tatu anajua kila kona, ila hiyo haimwambii kama anaweza kuendesha gari Dar. Sikulaumu, karibu kila mtu anafanya hivyo, na wewe ni mwalimu unawajua wale watoto wanaokariri marking scheme. Nisingeiita uongo lakini. Ulimwambia mjomba kile ulichokiona, na ulichokiona kilikuwa kweli, ila kilikuwa kinapima kumbukumbu yako na wewe ulidhani kinapima kitu kingine.

Na 144? Hapa naomba uisome taratibu. Vabo inaanzia 130 inaishia 170, hakuna sifuri pale chini, na wastani wa wanaofanya duniani uko kwenye 151 hivi. Kwa hiyo uko pointi kama saba chini ya wastani, na kama kumi na moja chini ya hiyo 155 uliyoiona. Si kidogo, sitakudanganya. Lakini umeandika "nimefeli", na kwenye GRE kufeli hakupo, hakuna alama ya kufaulia, kuna idara inaangalia namba yako pamoja na matokeo yako ya digrii, barua za walimu wako na ile insha ya kueleza unataka kusoma nini. Hapo hapo nikuulize kitu nilichokisubiri kwenye barua yako mpaka mwisho sikukiona: hizo idara nne, ZOTE zinadai GRE? Maana tangu 2020 idara nyingi Marekani zimeiondoa, nyingine zimeifanya ya hiari. Wewe ulichukua maneno ya rafiki yako ukaanza kukesha. Inawezekana zote zinaitaka, inawezekana moja tu. Ni kazi ya jioni moja, unaingia tovuti ya kila idara (ya idara yenyewe sio ya chuo kizima, zinatofautiana), na pasipoeleweka unamwandikia barua pepe mratibu wa udahili wa masters, wale watu wanajibu. Nisingeamua kitu kingine chochote kabla ya jioni hiyo, ila hilo ni langu.

Sasa vabo yenyewe. Nilipata mtu wa karibu aliyeipitia huko nyuma na tulikuwa tunakaa naye mezani, kwa hiyo kidogo naijua. Sa hivi imefupishwa, tangu Septemba 2023 mtihani mzima ni saa moja na dakika 58, na vabo inakuja mara mbili, kwanza maswali 12 kwa dakika 18, halafu maswali 15 kwa dakika 23. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa swali, na kuna mengine yana kifungu kirefu cha kusoma. Halafu kompyuta inaangalia ulivyofanya ile ya kwanza ndo inakuamulia ya pili iwe ngumu kiasi gani. Ukikosea hukatwi, kwa hiyo kuacha swali wazi ni hasara tupu, na ndani ya sehemu moja unaweza kuruka swali ukarudi. Je hayo uliyajua ile Jumamosi? Au ulikwama swali la tatu ukang'ang'ana nalo dakika sita kwa sababu nyumbani umezoea silali bila 40?

Nikupe mfano kwa Kiswahili maana Kiingereza kinakutisha kabla hujaangalia swali linataka nini. Sentensi hii: "Ingawa mzee yule alijulikana kijiji kizima kwa ______ wake, siku ya msiba alitoa debe zima la mtama bila kuombwa." Unapewa ukarimu, ubahili, ucheshi, uzee. Mtu mwenye haraka anaona debe la mtama anakimbilia ukarimu. Lakini neno lenye kazi pale ni "ingawa", linakuambia kwamba alichofanya siku ile ni kinyume na anavyojulikana, kwa hiyo ni ubahili. Kuna aina nyingine wanakupa maneno sita uchague mawili ambayo yote yakiingia sentensi inabaki na maana ile ile, hapo unachukua ubahili na uchoyo. Mtego wake unaujua? Wanakuwekea na ukarimu na utoaji, mapacha wazuri kabisa ambao sentensi haiwataki. Sasa mtu aliyekariri maneno yanayofanana anaingia pale kichwa kichwa. Na zile za nafasi tatu, ukipata mbili ukakosa moja unapata sifuri, hakuna nusu alama.

Mi nadhani, nasema nadhani tu, miezi minne ile ulikuwa unajifunza mapacha na hukuwa unaitafuta "ingawa". Unaweza kujipima. Chukua maswali yale uliyokosa kwenye jaribio, jibu sahihi usiliangalie kwanza, andika kwa mkono kwa Kiswahili, au hata kwa Kimakonde nani atakuuliza, kwanini ulichagua ulichochagua. Utaanza kuona ugonjwa. Kuna uliyokosa kwa sababu neno hulijui, kuna uliyokosa kwa sababu ya haraka, kuna uliyokosa kwa sababu umeongeza kitu ambacho kwenye kifungu hakikuandikwa. Hilo la kwanza ni deni la lugha na wiki sita hazilimalizi, unaweza kulipunguza kwa kusoma makala ndefu ndefu za sayansi na historia ambazo neno unakutana nalo likiwa kazini. Hayo mawili mengine hayana uhusiano na nani alinyonya Kiingereza.

Maana angalia hili. Mtu anakuambia, mwaka huu bei mnadani ilikuwa nzuri na kijijini nyumba za bati zimeongezeka, kwa hiyo bei ya korosho ndo imeezeka zile nyumba. Unaulizwa kipi kinaidhoofisha hoja yake: kwamba mwaka juzi bei ilikuwa nzuri zaidi, kwamba bati Newala ni ghali kuliko Mtwara mjini, au kwamba nyumba nyingi ziliezekwa kabla malipo ya mnada wa kwanza hayajaingia? Umeshajibu, hata hujamaliza kusoma. Hiyo ndo vabo mwanangu, umeifanya barazani maisha yako yote ukiwasikiliza wazee wanabishana. Kwa hiyo lile la "akili yangu imefika hapo" mi sijaona lilipoandikwa. Mtihani wenyewe haudai kupima hivyo.

Na nikishasema usiongeze kisichoandikwa, inabidi turudi kwa mjomba.

Alisema "sisi huku tunahesabu siku tu." Wewe ukasoma: anahesabu siku za hela yake. Soma tena. Mzee mwenye mikorosho mwezi huu anahesabu siku za mambo mengi, anahesabu siku za minada, na anahesabu siku za mtoto wa dada yake ambaye akiondoka atakaa miaka. Inawezekana kweli anasubiri matokeo kwa hamu mpaka inamuwasha. Inawezekana ameshakukumbuka kabla hujaondoka. Sentensi ile haikusema, na wewe ndo unamjua sauti yake mi simjui. Lakini nimeona kwamba ulipomwomba hela aliuliza kama ni halali na utaondoka lini, hakuuliza utapata ngapi. Hiyo 85 ulimpelekea wewe.

Kumwambia kuna uzito wake, sitaki nikupe picha ya urahisi. Ameshatangaza kwenye chama cha msingi, mtu mzima akirudi nyuma kwenye maneno yake watu wanacheka, na wewe ukimwambia kwa kulia kwamba umefeli atabeba habari ya kufeli ambayo bado haijatokea. Inawezekana pia akashtuka akasema basi acha rudi nyumbani. Upande wa pili usipomwambia, kila Jumapili unaongeza tofali, na wiki sita ni Jumapili sita. Kuna na namna ya katikati ambayo sijui kama umeifikiria, kwamba umwambie kama unavyomwambia mtu wa shamba: mjomba nilikuwa napima kwa kibaba kisicho sawa, nimepata kibaba chenyewe nimepima upya, imepungua, na kazi niliyobakiza ni hii na hii. Mkulima aliyepeleka gunia ghalani mzani ukamwambia kilo tofauti na alizopima nyumbani hiyo habari haimshangazi, imeshamkuta. Ila wakati na namna ya kusema unavijua wewe, na pengine mama yako ni mlango mzuri zaidi wa kupitia, kwetu kusini mara nyingi dada mtu ndo anajua kaka yake anaongeleka saa ngapi.

Kazi ya ghala. Hapa nakuuliza, unaitaka hiyo kazi au unataka pa kujificha? Vyote viwili vinaruhusiwa, ila vinatofautiana ukishafika mwezi wa kumi na mbili. Ni hela halali na nzuri, msimu mmoja tu unaweza kumrudishia mjomba kama ndo unachotaka (hajakudai lakini, hilo nalo halikuandikwa), au unaweza kuweka ada ya mtihani mwingine. Maana GRE inarudiwa, baada ya siku 21 unaruhusiwa, na ni mpaka mara tano ndani ya miezi 12, matokeo yanaishi miaka mitano, na ukishakuwa na zaidi ya moja unachagua upeleke yapi. Hasara yake ni kwamba idara nyingi zinafunga maombi Desemba na Januari, msimu wa korosho wote unaangukia hapo hapo, ukiingia ghalani alfajiri na kutoka usiku mwaka huu wa maombi unaweza kupita. Je mwaka mmoja ni mwingi kwako? Kwa miaka 26 mi naona mchache, lakini mi si ninayelala Magomeni nikila dagaa. Unaweza pia kumuuliza huyo wa ghala kama unaweza kuanza baada ya mtihani, karani anayejua takwimu hawampati kirahisi. Umemuuliza?

Kuahirisha nako kuna hesabu zake. Unaweza kuhamisha tarehe ila kuna ada ya kuhamisha, na lazima iwe siku nne kabla au zaidi, ukichelewa hapo hela yote imekwenda. Ukifuta kabisa kabla ya siku nne wanarudisha nusu. Kuahirisha kunasaidia mtu ambaye anajua hizo wiki za ziada atazifanyia nini, kama zitakuwa wiki za faili lile lile raundi ya nne, hiyo ada ya kuhamisha umeitupa. Una jaribio la pili la Powerprep hujaligusa. Hilo ni mali, wengine wanalimaliza kwa hasira usiku ule ule, wewe bado unalo. Ungelifanya wiki mbili kabla ya mtihani, kwa saa, asubuhi, tumbo likiwa na kitu, lingekuambia kuhamisha au kutohamisha kuliko mi ninavyoweza kukuambia leo.

Huyo kaka wa laki mbili na nusu sasa. Sikugombezi kwa kutomblok, mtu anayezama anashika hata nyasi. Ila fikiria anachokuuzia. Maswali yanatoka kwenye hifadhi kubwa, na nimeshakuambia ile sehemu ya pili kompyuta inaichagua kutokana na ulivyofanya ya kwanza, kwa hiyo hata kama kweli ana maswali ya mtu fulani hayo si lazima yawe yako. Hiyo ni kama ni mkweli. Na akiwa mkweli ndo mbaya zaidi, maana wenye mtihani, ETS, wana haki ya kufuta matokeo wakishuku, na hapo itabidi umweleze mjomba jambo lingine kabisa. Swali la kwanza la mjomba lilikuwa je ni halali, sijui kama ulilikumbuka ulipokuwa unaniandikia habari za huyo kaka.

Mwisho kuna kitu ambacho hukukiuliza ila kimenikosesha raha. Mtihani wa kufanyia nyumbani unataka chumba uwe peke yako mlango umefungwa, kamera iwashwe, msimamizi anakuangalia mwanzo mpaka mwisho, karatasi za kuandikia za kawaida haziruhusiwi unatumia ubao mdogo wa kufutika, na intaneti isikatike. Kwenye chumba cha kupanga, mwezi wa kumi, watoto wa mama mwenye nyumba, jirani na muziki, na umeme wetu huu unaoweza kukatika muda wowote. Laptop ya kuazima. Upande wa Dar una nauli na malazi, na ile barabara usiiamini sana, unakumbuka Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyoikata Somanga watu wakakaa njiani na mabasi yao, kwa hiyo anayekwenda Dar kwa ajili ya mtihani anaondoka siku mbili tatu kabla sio usiku wa kuamkia. Ghali yote mawili kwa namna yake. Kuna watu wanaomba chumba cha ofisi ya shirika au ya shule Jumapili wakati hakuna mtu, shule yenu haina chumba chenye jenereta? Mwalimu mkuu anaweza kukataa, lakini akikubali umeokoa nauli.

Niandikie ukishaongea na mjomba, au hata kama hujaongea naye. Na hiyo laptop ya mwalimu mwenzio iazime tena wiki hii, usifungue maswali, ichomoe tu kwenye umeme uiache inafanya kazi uone betri inakaa muda gani, maana saa moja na dakika 58 ni ndefu.